Saa Mbili za Dim Sum

Ukitafuta mahali pa kula dim sum Hong Kong, kitu cha kwanza utakachokutana nacho ni orodha. Kumi bora, ishirini bora, tano za bei nafuu. Orodha zote zinafanya kazi moja: zinachukua har gow ya mgahawa huu na har gow ya mgahawa ule, zinaziweka kwenye mizani, zinatoa maksi. Nimezisoma nyingi, na kwa kuwa uandishi wa habari ndio unaoniweka mjini, najua zinavyoandikwa. Ni haraka haraka, na mara nyingi mwandishi kaonja kipande kimoja hapa kisha akakimbilia kule. Sina ugomvi na kulinganisha. Makala haya yenyewe ni ya kulinganisha. Ugomvi wangu ni kwamba orodha zinapima ladha ya kipande mdomoni na kuishia hapo. Dim sum ina upande wa pili, na upande huo ndio unaoondoka huku sisi tukihesabu nyota.

Tuanze na jina, maana sisi wasemaji wa Kiswahili tuna bahati hapa. Wakantoni, watu wa Guangzhou na Hong Kong, kwa kawaida hawaambiani twende tukale dim sum. Wanasema yum cha, yaani kunywa chai. Mtalii wa Ulaya anahitaji kufafanuliwa kwamba mwaliko huo si wa kikombe. Mtu wa Tanga au Ilala hahitaji. Kwetu ukiulizwa "umekunywa chai?" hujaulizwa habari za kikombe, umeulizwa kama kuna chochote kilichoingia tumboni asubuhi hii, iwe chapati, maandazi, muhogo wa kuchemsha, hata supu. Kwa hiyo dim sum tunaweza kuiita kwa jina letu bila kuipunguzia kitu: ni vitafunwa. Wakantoni wana msemo wa zamani wa bakuli moja na viwili, yaani bakuli moja la chai lenye kifuniko na vitafunwa viwili. Hicho ndicho kilikuwa kipimo cha asubuhi ya mtu wa kawaida. Chai ndiyo mwenyeji, chakula kinaisindikiza.

Ukishalielewa hilo unaona kwamba mezani pa dim sum kuna saa mbili, na haziendi kwa mwendo mmoja. Ya kwanza iko jikoni na inahesabu dakika. Ya pili iko mezani na inahesabu asubuhi nzima. Nyumba nzuri ya dim sum ni ile ambayo chakula kinaharakishwa na mlaji haharakishwi. Hicho ndicho kipimo changu, na kwa kipimo hicho nimepita migahawa kadhaa ya Hong Kong na Guangzhou katika safari mbili za kikazi.

Saa ya jikoni inaonekana vizuri zaidi kwenye har gow. Ni kamba waliofungwa katika ngozi nyembamba inayopitisha mwanga. Ngozi hiyo haitoki kwenye unga wa ngano tunaoujua. Inatoka kwenye wanga wa ngano, uliokwisha kuondolewa ile nguvu ya kuvutika, ukachanganywa na wanga wa muhogo na kukandwa kwa maji yanayochemka. Donge likiwa bado la moto mpishi analikata vipande vidogo, anakandamiza kimoja kimoja kwa ubavu wa kisu kipana kilichopakwa mafuta, anazungusha mara moja, na duara linatoka. Kisha anaweka kamba na kukunja ukingo wa upande mmoja tu. Mafundi wanasema mikunjo isipungue saba. Wenye mkono mzuri hufika kumi na kuendelea. Inakaa kwenye mvuke dakika nne au tano. Ikitoka hapo, ngozi ni laini na inavutika kidogo. Ukiiacha ikae, inakauka ukingoni, inang'ang'ania karatasi ya chini, na ukiinyanyua kwa vijiti inapasuka na kumwacha kamba kikapuni. Fundi aliyeikunja anaweza kuwa bora kuliko wote mjini na bado ikakufikia ikiwa imeharibika, kwa sababu tu imechelewa njiani.

Hong Kong ina jaribio zuri la kulinganisha ambalo hakuna aliyelipanga. Lung King Heen, mgahawa ulio ndani ya hoteli ya Four Seasons, ulipewa nyota tatu katika toleo la 2009 la mwongozo wa Michelin wa Hong Kong na Macau, ukawa mgahawa wa kwanza wa Kichina kufika hapo. Mpishi mkuu alikuwa Chan Yan-tak. Mwaka huohuo wa 2009, Mak Kwai Pui, ambaye alikuwa mpishi wa dim sum katika jiko hilo, alifungua kijimgahawa Mong Kok chenye viti kama ishirini, akakiita Tim Ho Wan. Toleo lililofuata likampa nyota moja, na magazeti ya dunia yakaandika kuhusu mgahawa wa nyota wa bei nafuu kuliko yote. Kwa maneno mengine, una shule moja ya upishi katika nyumba mbili, moja ya matajiri na moja ya wapanda treni.

Kwa Lung King Heen kipande kinachozungumzwa zaidi ni kile cha kambakochi na kombe. Kimefungwa kwa ngozi ya jamii ya har gow, nyembamba kiasi kwamba unaona rangi ya kilichomo ndani kabla hujakigusa. Ukikitafuna unahisi ngozi kwanza, kisha utamu wa bahari, kisha hakuna kinachobaki mdomoni cha mafuta wala chumvi. Bahari unailipia mara mbili: iliyomo ndani ya ngozi, na iliyoko nje ya dirisha. Bei yake ni mara kadhaa ya kikapu cha mtaani. Lakini tusidanganyane kwamba tofauti yote ni kambakochi. Sehemu kubwa ya fedha hiyo inanunua watu: wapishi wa kutosha wa kukunja baada ya wewe kuagiza, na wahudumu wa kutosha wa kuleta kikapu kabla mvuke haujatulia. Hapo unalipia dakika, na ukimaliza unaachwa ukae na chai yako. Saa zote mbili ziko sawa, ila kwa mlango ambao wengi wetu hatuingii kila Jumapili.

Tim Ho Wan iliishika saa ya jikoni kwa bei ya mtu wa kawaida, na hilo si jambo dogo. Kipande kilichoifanya ijulikane ni bao ya kuoka. Bao ya kawaida ya char siu, nyama ya nguruwe iliyobanikwa na kukolezwa sosi tamu, hupikwa kwa mvuke na kutoka nyeupe, imepasuka juu kama ua. Hii inaingia tanurini ikiwa na kofia ya sukari na siagi. Inatoka na ukoko mwembamba unaovunjika ukiuma, na ndani nyama tamu yenye chumvi kidogo. Ni kitu kizuri, na kwa kweli kilistahili kelele zake. Lakini angalia ni kitu cha aina gani. Ukoko wa kuoka unavumilia. Bao hiyo inaweza kusubiri kidogo, inaweza kubebwa, na anayeila kwenye ngazi za treni hajapoteza kitu kikubwa. Si ajabu kwamba ndiyo iliyokuwa sura ya Tim Ho Wan kila ilikokwenda, na imekwenda mbali: matawi katika nchi kadhaa, na sasa jina lote liko mikononi mwa Jollibee, kampuni kubwa ya vyakula ya Ufilipino. Kile kijimgahawa cha kwanza cha Mong Kok hakipo tena.

Hapa ndipo orodha zinaponiudhi. Ziliisifu Tim Ho Wan kwa ladha na bei, zikanyamaza kuhusu viti ishirini. Mahali penye viti ishirini na foleni barabarani, huwezi kukaa. Unakula, unalipa, unampisha mwenzako anayekutazama mdomoni. Simlaumu mpishi kwa hilo. Hesabu ya kodi ya Hong Kong inajulikana. Ila sifa zile zilitufundisha kwamba dim sum bora inaweza kuwa kitu cha kula na kuondoka. Biashara ikasikia. Kilichozidishwa duniani ni kile kinachovumilia kusubiri, kwa mlaji asiyetakiwa kusubiri. Saa zote mbili zimegeuzwa.

Sasa uvuke uende upande wa pili kabisa, kwa Luk Yu. Nyumba hii ya chai ilianza 1933 na sasa iko mtaa wa Stanley, katikati ya Hong Kong. Imepewa jina la mwandishi, jambo ambalo wasomaji wa ukurasa huu watalipenda: Lu Yu aliishi wakati wa utawala wa Tang, karne ya 8, na ndiye aliyeandika kitabu cha chai kinachohesabiwa kuwa cha kwanza duniani kuhusu mmea huo. Ndani kuna mbao nyeusi, feni za dari, vioo vya rangi, na meza za pembeni ambazo wateja wa miaka wanazijua kama wanavyojua vitanda vyao. Kwa muda mrefu ilijulikana kwa wahudumu wanaopita na trei zilizoning'inizwa shingoni.

Kwa Luk Yu unaagiza siu mai ya ini. Siu mai ya kawaida ni kikombe kidogo cha ngozi ya ngano kilichojazwa nyama ya nguruwe iliyokatwakatwa kwa kisu, kamba na uyoga, na kuachwa wazi juu. Hii inavikwa kipande cha ini la nguruwe. Ini ni kitu kisichosamehe: likizidi dakika linakuwa kama kandambili. La hapo linakatika kwa jino, lina uchungu mdogo wa chuma ambao unauita utamu wa nyama iliyo chini yake. Ni ladha ya kizamani. Kijana wa Hong Kong anaweza kuikataa, kama vile kijana wa Dar anavyomwachia babu yake supu ya makongoro. Na haivutii kwenye picha hata kidogo, kwa hiyo huioni sana kwenye orodha.

Lakini sababu ya kwenda Luk Yu ni chai. Unaulizwa chai kabla ya kitu kingine chochote: pu'er iliyokaa miaka, nyeusi kama kahawa, au tieguanyin, au ya yasmini. Pu'er ina kazi maalumu mezani. Inakata mafuta ya kitimoto na kukutengenezea nafasi ya kipande kinachofuata. Birika likiisha unaacha kifuniko kimekaa upande, na mhudumu anajua. Mtu akikumiminia, unagonga meza polepole kwa vidole viwili badala ya kukatiza mazungumzo kusema ahsante. Adabu hii yote imetengenezwa kwa watu wanaokusudia kukaa muda mrefu na kuongea. Huwezi kuielewa ukiwa umesimama na mfuko wa kubebea chakula.

Katikati ya Lung King Heen na Luk Yu kuna toroli. Hadi leo watu wengi wakisikia dim sum wanaona toroli: mama anasukuma kigari chenye vikapu, anatangaza alichonacho, unanyoosha kidole, anagonga muhuri kwenye kadi yako. Maxim's Palace, katika jengo la City Hall lililofunguliwa 1962, bado inafanya hivyo kwenye ukumbi mkubwa wenye taa za vioo. Lin Heung ya mtaa wa Wellington, nyumba ya chai ambayo jina lake linarudi Guangzhou hadi 1889, iliishi kwa toroli na meza za kuchangia na watu usiowajua. Ilifungwa 2022, ikafunguliwa tena 2024, na habari zote mbili zilipokelewa Hong Kong kama habari za ndugu.

Kama mkosoaji lazima niseme ukweli: toroli ni adui wa har gow. Kikapu kinazunguka meza ishirini kabla hakijakufikia, na ule mvuke wa chini unaokiweka moto ndio huohuo unaoendelea kuipika ngozi hadi ilegee. Ukikaa mbali na mlango wa jikoni utakula har gow ya nusu saa iliyopita. Wenyeji wanalijua hilo. Ndiyo maana meza za karibu na mlango hujaa kwanza, na ndiyo maana kwa Lin Heung watu walizoea kusimama na kukimbilia kigari na kadi mkononi.

Ila toroli ina vitu vyake, na anayejua kula anaviagiza. Miguu ya kuku kwa mfano. Usiseme mbona miguu. Pale Dar inauzwa kila kona jioni na watu wanapanga foleni. Ya Kikantoni inakaangwa, inalowekwa kwenye maji hadi ngozi inavimba na kujikunja, kisha inapikwa kwa mvuke pamoja na soya nyeusi zilizochachushwa. Ngozi inaachana na mfupa kwa kunyonywa tu. Robo saa ya ziada kwenye toroli haiidhuru, pengine inaisaidia. Vivyo hivyo wali wa kunata uliofungwa kwenye jani la yungiyungi pamoja na kuku: kadiri unavyokaa, harufu ya jani inazidi kuingia. Toroli ni jiko linalotembea polepole, na chakula chake ni kile cha polepole. Pia toroli inampa mlaji kitu ambacho karatasi ya kuagizia haimpi: halazimiki kuamua mapema. Anakunywa chai, anaona kinachopita, anachukua kimoja. Saa ya mezani inaendeshwa na yeye.

Kwa upande wa pili wa mpaka, Guangzhou, treni ya kasi inakufikisha kwa muda usiozidi saa moja au kasoro. Waswahili wengi wanaoujua mji huu wanaujua kwa biashara: maonyesho ya Canton yanayofanyika mara mbili kwa mwaka tangu 1957, na mitaa ya Xiaobei ambako unaweza kutembea ukasikia Kiswahili cha Kariakoo kikipatana bei ya makontena. Wafanyabiashara wetu wengi wanarudi nyumbani bila kuingia nyumba ya chai hata moja, na wana sababu zao: lugha, muda, na nguruwe.

Guangzhou ndiko nilikoona saa ya mezani ikiwa bado hai kuliko Hong Kong. Kwa Panxi, mgahawa wa bustani ulio kando ya ziwa la Liwan tangu 1947, asubuhi ya siku ya kazi kumbi zinajaa wazee. Wanakuja na magazeti, na wajukuu. Wanaanza kwa kuosha vikombe na vijiti kwa chai ya kwanza ya moto, kisha wanaimwaga. Wengine wanaagiza viwili tu, kwa msemo uleule wa zamani, na kukaa navyo saa nyingi. Panxi ilipata jina kwa dim sum za sura za wanyama zilizobuniwa na fundi wake Luo Kun, hasa sungura weupe. Ni har gow hasa, ngozi ileile na kamba walewale, ila ukingo umevutwa ukawa masikio na macho mawili mekundu yamewekwa mbele. Ningetegemea kuchukia kitu kama hicho, maana chakula chenye macho mara nyingi kinaficha uvivu. Hapa hakifichi. Ngozi inabidi iwe na nguvu ya kusimamisha masikio na bado iwe laini mdomoni, na hilo ni gumu kuliko mikunjo kumi. Watoto wanaanza kula masikio. Wazee hawaagizi sungura, wanawaagizia wajukuu.

Kitu kilichonishika zaidi Guangzhou ni cheung fun, na hiki ndicho ninachokipendekeza kama kipimo badala ya har gow. Rojo ya mchele, nyepesi kuliko ile ya vitumbua na isiyo na hamira wala sukari, inamwagwa juu ya kitambaa kilichotandazwa kwenye mvuke. Dakika moja au mbili, inaganda kuwa shuka nyembamba nyeupe. Inabanduliwa, inakunjwa na kamba au nyama ndani, inakatwa, inamiminiwa sosi ya soya yenye utamu kidogo. Basi. Haina ukoko, haina viungo vya kujifichia. Ikiwa ya moto inateleza na harufu yake ni ya mchele mpya. Ikipoa dakika kumi inakuwa mpira. Huwezi kuigandisha ukairudisha kuwa ile ya kwanza, huwezi kuileta na lori. Lazima mtu awe amesimama nyuma ya ukuta huo, sasa hivi, akimwaga rojo kwa ajili yako. Har gow ya kiwandani iliyogandishwa inaweza kunidanganya siku mbaya. Cheung fun haiwezi.

Na jambo hili si la kinadharia. Mjadala wa vyakula vilivyotayarishwa viwandani na kupashwa tu moto migahawani umekuwa mkali China tangu 2023, ulipofika hadi kwenye chakula cha shule. Dim sum iko katikati ya mjadala huo, kwa sababu ni kazi nyingi ya mikono kwa kipande kidogo cha bei ndogo. Ndani ya jengo moja la maduka upande wa Kowloon, katika mgahawa ambao jina lake naliacha, nililetewa vikapu vitatu vya har gow kwa meza yetu. Vipande vyote kumi na viwili vilikuwa na mikunjo tisa, umbali sawa, pembe sawa. Hakuna mkono unaofanya hivyo. Havikuwa vibaya, na kwa maksi za orodha vingepata saba kati ya kumi. Lakini cheung fun ilikuja imeshikana kama ukurasa ulioloa, na pamoja nayo karatasi ndogo iliyotuarifu kwamba meza ni yetu kwa dakika 90. Chakula kilikuwa kimesubiri wiki kadhaa kwenye barafu. Sisi ndio tuliokuwa hatuna muda.

Kwa msomaji asiyekula nguruwe, ambaye mpaka hapa amenivumilia, nina nyumba moja ya kumpeleka. Har gow ya kawaida haimfai hata kama imeandikwa kamba tu, kwa sababu ndani mara nyingi huchanganywa shahamu ya nguruwe ili ilainike. Lakini Wan Chai, katika jengo la kituo cha Kiislamu lenye msikiti wa Ammar, ukipanda ghorofani kuna kantini inayouza dim sum halali. Unajaza karatasi, unapata har gow, siu mai isiyo na nguruwe na vinginevyo, kwa bei ya kantini. Nilikwenda nikitarajia chakula cha kufidia, kama zile soseji zinazojifanya soseji. Nikakuta kitu chenye msimamo wake. Bila shahamu, kamba hawana pa kujificha: lazima wawe wazuri na lazima waachwe wakubwa. Ngozi haikuwa nyembamba kama ya hotelini, ila ladha ilikuwa safi. Na mezani kulikuwa na familia za Wachina Waislamu, Wapakistani na Waindonesia, chai inamiminwa, watoto wanazunguka, hakuna karatasi ya dakika 90. Nikipima kwa saa zote mbili, kantini hiyo inaipita migahawa mingi yenye vioo.

Nyumbani Afrika Mashariki dim sum ipo pia, hasa Nairobi upande wa Kilimani, na Dar kidogokidogo. Nimeijaribu sehemu kadhaa. Har gow nyingi ni za kutoka kwenye friji, ngozi nene, na siwezi kumlaumu mwenye mgahawa kwa wateja kumi kwa siku. Kinachonisikitisha ni kwamba tunaiuza kama chakula cha jioni, cha tarehe muhimu, cha mishumaa, katika miji ambayo tayari inajua kukaa na chai na vitafunwa asubuhi. Mtu mwenye kibaraza, rojo ya mchele na sufuria ya mvuke, anayeanza saa moja asubuhi na kuwaacha wazee wakae na magazeti yao, angekuwa karibu zaidi na Guangzhou kuliko wote wenye taa za karatasi nyekundu.

Hukumu yangu basi, kwa anayetaka hukumu. Kwa mkono wa fundi, Lung King Heen, kama una fedha au kuna mtu wa kukulipia. Kwa chai na kwa ini, Luk Yu. Kwa miguu ya kuku na wali wa jani, toroli yoyote yenye watu wengi. Kwa bei na utu, kantini ya Wan Chai. Kwa asubuhi nzima, Panxi, na uagize sungura hata kama huna mjukuu.

Lakini kabla ya yote hayo, ukiingia nyumba ya dim sum usiyoijua, fanya mambo mawili. Agiza cheung fun, uone imefika ikiwa ya moto kiasi gani. Kisha tazama meza ya mzee aliyekaa peke yake na vikapu viwili vilivyokwisha. Kama mhudumu anamwongezea maji kwenye birika, kaa. Kama anamwekea bili, kula ulichoagiza na uende.